Msimu wa Kondo Kukaa Chini

Mimi si mtu wa kukaa kitako. Mama yangu mzazi, kwetu Wambaa, alikuwa akisema nilijifunza kutembea ili nimkimbie, na hakuwa anatania sana. Kwa hiyo nesi aliponiambia kwamba tangu siku ile niwe mtu wa kupumzika, nilimwuliza, “Mpaka lini?” Akanitazama juu ya miwani yake. “Mpaka ujifungue, mama.” Mimba yenyewe ilikuwa ya miezi mitano, na ndiyo ya kwanza.

Kilichotupeleka hospitali ni damu. Nilikuwa nafagia uwanja wetu wa Ole, nilikoolewa, nikahisi kitu cha moto kinanichirizika mguuni. Kutazama, damu. Haikuniuma hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha, maana maumivu ningeyaelewa. Mume wangu aliacha chai yake pale pale kwenye jamvi, tukatoka barabarani, tukapata gari ya mtu wa mihogo mpaka mjini. Njia nzima nilikuwa nimebana mapaja kama mtoto aliyekatazwa kwenda haja.

Hospitali walikuwa na mashine ya picha. Wakanipaka kitu cha baridi tumboni, daktari akawa anatelezesha kifaa chake huku na huku, macho kwenye kioo. Akasema mtoto mzima, moyo wake unapiga vizuri. Mimi nikashusha pumzi. Mume wangu akasema alhamdulillahi kwa sauti mpaka watu wa nje wakasikia. Kisha daktari akasema kondo la nyuma limekaa chini.

Nesi ndiye aliyetukalisha pembeni akatueleza kwa lugha ya watu. Kondo ndilo linalomlisha mtoto, na mara nyingi hujishikiza juu. Langu limejishikiza chini, karibu na mlango anaotokea mtoto. Hakuna aliyelitia huko, wala si kwa kubeba kitu wala kwa jicho la mtu. Wengi, tumbo likikua, nalo hupanda likatoka njiani, mambo yakaisha salama. Lakini lisipopanda, damu inaweza kurudi wakati wowote, nyingi, na hapo mama na mtoto wote wawili wako hatarini. Basi nisibebe maji, nisichanje kuni, nisipande vilima vya kwetu, mume wangu asinikaribie, na mtu yeyote asinikande tumbo. Na damu ikija hata kidogo, ni kukimbia hospitali pale pale.

“Msisubiri ikatike,” alisema. “Msipike chai kwanza.”

Mume wangu alikuwa anaitikia kila neno kama mwanafunzi wa chuoni mbele ya mwalimu wake. Lilipofika lile la kutonikaribia, aliitikia pia, ila kwa sauti ndogo. Mpaka leo nikimkumbusha huniambia niache mambo ya upuuzi.

Tukarudi Ole na maneno mawili mazito ya kumfikishia mama mkwe. La kwanza ni la kutokandwa. Mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa akikanda matumbo ya wajawazito, si ya kwetu tu, hata ya vijiji vya mbali. Mafuta ya nazi ya kazi hiyo aliyapika mwenyewe, akayaweka kwenye chupa ya kijani iliyotundikwa karibu na kitanda chake. Wanawake walimjia mimba ikishafika miezi saba, wakalala jamvini, naye akawageuza watoto waliokaa upande, akawaambia kichwa kiko wapi na miguu iko wapi. Alikuwa na wakwe wengine watatu, wote aliwakanda. Mimi nilikuwa mke wa mwanawe kitindamimba, na alishaninong’oneza zamani kwamba langu ndilo tumbo analolingojea.

Nilipomwambia, aliitazama ile chupa yake. Kisha akasema, “Kwani hilo kondo jiwe? Nipe jioni moja tu nilipandishe.”

“Wamekataza, mama.”

“Wamekataza wao. Miye nna mikono, wao wana kioo.”

Wallahi nilitamani. Mtu asiyewahi kuogopa hivyo hawezi kujua. Nilikuwa natamani mtu yeyote anishike, afanye jambo lolote, mradi lile kondo lipande na mimi nirudi kuwa mtu. Mara mbili tatu nusura nimwambie haya, lete chupa. Kilichonizuia ni sura ya yule nesi, na uoga. Lakini siku chache baadaye, baada ya sala ya alasiri, mama mkwe alikuja na chupa yake ya kijani, mafuta ameshayapasha, akakaa jamvini mbele yangu. Mimi moyo ukanipasuka. Alinyoosha mikono juu ya tumbo langu bila kuligusa, akaiacha hapo kidogo, kisha akaishusha, akaivuta miguu yangu mapajani mwake akaanza kuikanda.

“Miguu hawakuikataza,” akasema.

Tangu siku ile, kila alasiri alinikanda miguu mpaka mimba ilipokwisha. Sijapata tena usingizi kama ule.

Neno la pili lilikuwa gari. Na hapa lazima nieleze mambo yalivyokuwa, maana vijana nikiwasimulia hudhani natia chumvi. Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya vyama vingi. Uchaguzi ulikuwa umeshapita mmoja na mwingine unanukia, na Pemba nzima watu walikuwa wamesusiana. Sitavitaja vyama, wenyewe mnavijua. Mtu hakununua kitu dukani kwa mtu wa chama kingine. Hakuingia harusini kwake. Ilifika mahali watu wakawa hawazikani, ndugu kwa ndugu, na mimi niliyaona kwa macho yangu haya.

Sasa, gari pekee iliyokuwa ikilala karibu nasi ni pikapu ya jirani yetu. Tulitenganishwa naye na ua wa makuti tu. Zamani ua ule ulikuwa na kipenyo katikati, na mama mkwe na mke wa jirani walipita humo kutwa nzima, huyu kuazima kinu, yule kuomba moto. Walikuwa mashoga kweli kweli, walinunua mpaka kanga za aina moja za Idi. Mke wa jirani, watoto wake wote walikandwa na mama mkwe wangu tumboni. Uchaguzi ulipokuja, wao wakawa kule na sisi huku. Mama mkwe alikiziba kile kipenyo kwa mkono wake, kwa makuti mapya na kamba ya usumba, na hawakusemezana tena. Mimi nilipoolewa nilikuta pameshazibwa. Ila ua wa makuti hauzuii sauti. Walisikia kila tulichosema, nasi tulisikia kila walichosema, na kila upande ulijifanya hausikii.

Mume wangu alisema, “Mama, nende nkazungumze na Mzee wa hapo jirani. Gari yake i karibu.”

Mama mkwe aliinua uso. Alisema kwa sauti ya kupita ua, makusudi, “Bora nimbebe mgongoni miye mwenyewe mpaka hospitali kuliko kumtia ntoto wangu gari ile.”

Kule upande wa pili, mtu alikuwa anatwanga. Mchi ukasita, kisha ukaendelea.

Basi tukapanga gari ya mjomba wake mume wangu, iliyokuwa ikilala upande mwingine wa Ole. Ilikuwa mbali, lakini ilikuwa gari yetu. Mjomba alikubali kwa moyo mmoja, na mume wangu akawa analala na baiskeli yake ndani ya chumba chetu ili usiku akiitwa asipoteze wakati. Nilikuwa nikijigeuza, usukani unanigusa. Nikimwambia aitoe nje anasema nje itaibiwa. Nani aibe baiskeli ile, sijui.

Msimu wa karafuu ukatukuta katika hali hiyo. Ulikuwa msimu mnene. Nikisema naukumbuka, naukumbuka kwa pua. Nyumba nzima ilinuka karafuu mbichi, nguo zilinuka, mpaka maji ya mtungini. Wenzangu walikwenda mashambani asubuhi, mimi nikabaki upenuni nimeegemea mto kama bibi harusi aliyesahauliwa. Siku za mwanzo nililia kwa hasira. Nilihesabu kila mkato wa tumbo, kila nikienda chooni nilijitazama, nikirudi nilijitazama tena. Nikijisahau nikacheka, nilishtuka kwamba nimecheka. Nililisemesha lile kondo kama mtoto mtundu. Nililiambia, panda basi, panda kidogo tu, umekaa hapo unangoja nini? Mama mkwe alinisikia siku moja akaniambia niongeze na dua, maana kondo halina masikio.

Waliponiona nanyong’onyea, wanawake wa kwetu walifanya jambo ambalo sitalisahau. Karafuu zikishaangushwa lazima zichambuliwe, yaani kutenganisha punje na vikonyo vyake, na kila mtu huchambua kwake. Wao wakahamishia kazi hiyo upenuni kwangu. Jioni zikawa zinaletwa pakacha kwa pakacha, zinamwagwa jamvini, tunakaa duara. Mimi nililetewa rundo langu mpaka pale nilipolala, nikachambua nikiwa nimelalia ubavu. Mikono ikawa na kazi, na kichwa kikapata pa kupumzika. Walinitania bila huruma. Waliniuliza kama mume wangu bado anakumbuka jina langu. Mmoja alisema kondo langu ni la Wambaa, limezoea kukaa pwani, hizi habari za kupanda juu halizijui. Nilicheka mpaka nikashika tumbo, wote wakanyamaza kwa hofu, kisha tukacheka tena.

Kitu kimoja tu kilituudhi jioni zile, na kitu hicho ni pikapu ya jirani. Miaka yote, mama mkwe alisema, ile gari ikirudi magharibi huingia uwanjani kwake kichwa mbele, ikazimwa, watu wakasali. Msimu ule Mzee akazua jambo jipya. Akifika, hafanyi hivyo. Uwanja wake ulikuwa mwembamba, una mteremko, mkarafuu huku na banda la ng’ombe kule, na yeye anataka gari ilale imetazama barabarani. Basi itakwenda mbele, itarudi nyuma, itakwenda mbele, itarudi nyuma, injini inalia kama ng’ombe anayezaa, na moshi mweusi unavuka ua unatua juu ya karafuu zetu tulizozianika. Kila siku. Kila siku wakati ule ule ambao mimi nimeanza kupata lepe la usingizi.

“Kijicho,” alisema mama mkwe, akipepea moshi kwa ungo. “Ataka karafuu zetu zinuke dizeli.”

Niliichukia sauti ile. Nilikuwa mtu wa kuudhika kwa kila kitu, na sauti ile nikaifanya adui yangu. Nikiisikia inakuja kutoka mbali, nasaga meno. Siku moja nilimwambia mume wangu avuke akamwambie yule Mzee kwamba kuna mgonjwa huku. Kuvuka hakuwezekani, na mimi nilikuwa najua.

Tukarudi hospitali kwa picha ya pili. Kondo limepanda kidogo, wakasema, lakini bado liko karibu. Endeleeni vile vile. Nilikuwa nimeweka matumaini yangu yote kwenye picha ile. Nilirudi nyumbani nikalala nimegeukia ukuta, sikutaka karafuu wala utani. Mila yetu ni kwamba mimba ya kwanza mtu huzalia kwao, na mama yangu kule Wambaa alishatayarisha chumba, ameshakipaka chokaa. Sasa na hilo nalo likafa, maana Wambaa na hospitali ni mbali zaidi. Mama yangu alikuja kunitazama, ameniletea pweza mkavu. Alilia jikoni akidhani simsikii. Nilimsikia. Akatoka anatabasamu, akanikuna kichwa, akarudi kwake.

Miezi ikasogea hivyo hivyo, roho juu.

Siku ya mkutano wa hadhara wa chama chetu, Ole palikuwa kimya. Watu walikuwa wameondoka tangu asubuhi na bendera zao, wake kwa waume, wanaimba. Hakuna aliyepanda mkarafuu siku ile. Watu wa chama cha pili walijifungia majumbani, kama ilivyokuwa desturi siku za mikutano, kuepuka kuzomewa njiani. Mume wangu alibaki kwa ajili yangu, na mama mkwe alibaki ananung’unika kwamba ameukosa mkutano. Alikuwa amevaa kanga yenye rangi za chama, hivyo hivyo, ya kukaa nayo nyumbani.

Nilikuwa nimekaa nala embe mbichi kwa chumvi na pilipili. Nikahisi ule moto. Safari hii haukuwa wa kuchirizika. Nilipotazama, jamvi lilikuwa limeshalowa, na kisu cha embe kikanidondoka.

Sikupiga kelele. Nilisema tu, “Mama.”

Mume wangu alikuwa ameshaipanda baiskeli kabla sijamaliza neno. Tukamsikia anashuka bondeni, mnyororo unapiga. Mama mkwe alinilaza ubavu, akanikunjia kanga, akawa anasoma dua kwa sauti ya chini, na mikono yake ile yenye kujua kila kitu haikuwa na pa kwenda. Nilimwuliza kama mtoto anacheza. Hakuweza kunishika tumbo ajue. Alisema, “Yacheza, mwanangu,” na mimi nikajua hajui. Kisha nikahisi mwenyewe teke dogo, upande wa kulia, nikaanza kulia.

Tulingoja. Damu haikuwa ya kumwagika sasa, lakini haikukatika. Na tukiwa katika kungoja ndipo mama mkwe alipokumbuka. Niliona linavyompata usoni. Alisema taratibu, kama anasoma mahali, “Gari ya mjomba imekwenda mkutanoni.”

Ilikuwa hivyo hivyo. Mume wangu alikuja kunihadithia baadaye kwamba alikuta uwanja mtupu, na bibi mmoja mlangoni akamwambia gari imejaa watu na bendera na haitarudi mpaka magharibi. Gari zote za kwetu, kutoka pembe hii mpaka ile, zilikuwa mkutanoni. Katika mipango yetu yote, na tulipanga sana, hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba gari ya chama siku ya mkutano haiwi ya mgonjwa.

Mama mkwe alisimama. Alikwenda mpaka kwenye ua, pale pale alipopaziba kwa mkono wake. Alianza kufungua kamba, fundo likakataa, akaacha. Akashika makuti kwa mikono miwili akayang’oa. Yalitoka na fito zake. Akapita na vumbi kichwani na ile kanga yake ya rangi za chama, akasimama katikati ya uwanja ambao hakuukanyaga miaka.

Nilimwona mke wa jirani akitoka jikoni, mikono ina unga. Wakatazamana.

“Ntoto wangu atoka damu,” alisema mama mkwe.

Yule mama hakuuliza ntoto gani. Aligeuka nyuma akaita, “Baba weye! Gari!” Akaingia ndani akatoka anaburura godoro la kitandani kwao. Mzee alitoka na funguo mkononi, kofia hana. Walikuja watatu kunibeba kwa jamvi, nikapitishwa kwenye lile tundu la ua, makuti yakinikwaruza mkono. Alama ilidumu siku kadhaa. Wakanilaza nyuma ya pikapu juu ya godoro, mama mkwe kichwani kwangu, mke wa jirani miguuni. Mzee akawasha, tukatoka moja kwa moja, bila kwenda mbele wala kurudi nyuma. Wakati ule sikulitia hilo akilini.

Njiani mama mkwe alikuwa bado hasemi na Mzee. Tulipopita makorongo alimwambia mke wake, “Mwambie mumeo apunguze mwendo.” Dirisha la nyuma lilikuwa wazi, Mzee yuko mbele yetu hatua moja, anasikia kila neno. Mke wake akapiga bati, “Punguza mwendo.” Barabara ikinyooka, mama mkwe akasema, “Mwambie aongeze.” Na yule mama akapiga bati tena, “Ongeza.” Niko pale natoka damu, na Mungu anisamehe, nilitaka kucheka.

Tulifika. Nesi yule yule wa miwani alinitazama, akatazama godoro, akasema, “Mmewahi.” Neno hilo moja tu, na mama mkwe akakaa chini sakafuni.

Walinilaza, damu ikakatika, wakakataa kunirudisha nyumbani. Nilikaa pale mpaka walipoona mtoto amekua vya kutosha, wakanipasua, wakamtoa mzima, msichana, analia kwa hasira. Wakasema ana mapafu ya kuuzia samaki. Siku zote nilizolala wodini, mama mkwe na mke wa jirani waligawana mkeka mmoja nje ya mlango. Hawakuombana radhi, au kama waliombana mimi sikusikia. Niliwasikia wakibishana juu ya chama, kwa minong’ono mikali, huku mmoja anamkorogea mwenzake uji. Kisha wanasali bega kwa bega, kisha wanaanza tena.

Tulirejeshwa Ole alasiri moja na gari ya hospitali. Karafuu zilikuwa zimekwisha, majamvi yameviringishwa, lakini harufu bado imo kwenye kuta. Tundu la ua lilikuwa pale pale, hakuna aliyeliziba, na kuku wa pande mbili walikuwa wameshalifanya njia. Nililazwa upenuni kwenye mto wangu wa zamani. Mama mkwe alikaa jamvini na mjukuu wake mapajani, amempakata, hatimaye anamshika anavyotaka. Alikuwa amemfunua anampaka mafuta ya ile chupa ya kijani, mguu mmoja mmoja, mkono mmoja mmoja, kama anayelipwa deni.

Jua likawa linashuka. Kutoka mbali nikaisikia pikapu inapanda kilima. Nikafunga macho nikajitayarisha, meno nimeshayasaga kwa mazoea, nikimhofia mtoto na moshi. Ikakata kona. Ikaingia uwanjani kichwa mbele, moja kwa moja. Ikazimwa. Mlango ukafungwa, na Mzee akasikika anaomba maji ya kutawadha.

Basi. Haikwenda mbele wala kurudi nyuma.

Mikono ya mama mkwe ikasita juu ya mtoto. Akatazama ua. Akanitazama mimi.

“Leo hakuigeuza,” alisema.

Nilizikumbuka jioni zote zile, injini inalia, moshi, na mimi nimelala hapa namwombea Mzee wa watu mabaya, na yeye kule anahangaika na usukani kati ya mkarafuu na banda la ng’ombe, kila siku ya Mungu, ili usiku tukimwita asipoteze muda wa kugeuza. Ilianza wiki ile ile mama mkwe aliposema kwa sauti ya kupita ua kwamba ni bora anibebe mgongoni. Walisikia. Hawakujibu, ila gari ikawa inalala imetazama barabarani. Na kama tusingemwita kamwe, asingesema kamwe.

Mama mkwe alimfunika mtoto kanga vizuri, akajifuta machoni kwa ncha ya mtandio, akasimama. Akainama kidogo, maana tundu lenyewe lilikuwa fupi, akapita naye upande wa pili. Nikamsikia anabisha hodi, na safari hii alimwita Mzee mwenyewe, kwa jina lake.